Kabla Hujakiandikia Kibete Kahawia Cheti cha Kuzaliwa

Juzi usiku imenifikia rasimu ya nne kwa mwaka huu ya makala kuhusu vibete kahawia (vitu vizito kuliko sayari, vyepesi kuliko nyota) vinavyozunguka nyota kama wenza wake, na katika utangulizi wake, aya ya pili, nikakuta sentensi ileile: "Kwa kuwa masi yake ni 22 za Mshtarii, mwenza huyu aliundwa kama nyota." Nikafunga kompyuta. Baadaye nikaifungua tena, maana aliyeandika ni kijana mchapakazi, na koronografu, kile kifaa cha kuziba mwanga wa nyota, anaijua kuliko nilivyoijua mimi nilipokuwa na umri wake. Lakini sentensi hiyo sasa nimeisoma kwa mikono minne tofauti. Mkono wa tano, ambao kwa kweli ulitangulia yote, ni wangu.

Basi wadogo zangu, nimeamua kuyaandika haya mara moja ili nisiendelee kuyarudia pembezoni mwa rasimu zenu kwa wino mwekundu. Nimeyapa namba. Msizitegemee sana hizo namba.

1. Masi si cheti cha kuzaliwa

Kumi na tatu mnaiimba wote. Chini ya masi 13 za Mshtarii ni sayari, juu yake ni kibete kahawia, mpaka kwenye 75 au 80 hivi ambapo haidrojeni inawaka na mambo yanakuwa ya nyota. Sawa. Sasa jiulize hiyo 13 imetoka wapi. Imetoka kwenye deuteri, ile haidrojeni nzito: ndiyo masi ambayo kitovu kinapata joto la kuichoma. Ni habari ya kinachoungua tumboni, na haisemi lolote kuhusu jinsi tumbo lenyewe lilivyopatikana. Wingu la molekuli linapomeguka halijui kama kipande kitakachotokea kitachoma deuteri au la. Linaendelea kumeguka hadi pale gesi inaposhindwa kutoa joto lake nje kwa haraka, na kikomo hicho kiko kwenye masi chache tu za Mshtarii, chini ya 13 kabisa.

Mchukue mwenza 2M1207b, aliyepigwa picha kwa VLT, darubini kubwa ya Ulaya kule Chile, mwaka 2004. Masi yake ni kama 5 za Mshtarii, kwa hiyo kwa sheria yenu ni sayari, basi. Lakini anachokizunguka ni kibete kahawia chenye masi kama 25. Mtoto ni moja ya tano ya mzazi! Diski ya gesi na vumbi inayokizunguka kibete kahawia haina mali ya kutosha kulea kitu cha namna hiyo kwa njia ya kiini (kiini kigumu kwanza, gesi baadaye), kwa hiyo wengi wetu tunaisoma jozi ile kama nyota maradufu iliyokonda. Halafu nenda kwenye nyota HD 206893. Mwenza wa nje, B, ana masi kama 28. Wa ndani, c, aliyetangazwa mwaka 2023, ana kama 12.7. Wote wawili wako upande wa ndani wa diski ya vifusi inayoizunguka nyota hiyo. Utapitisha mstari wako wa 13 katikati yao na kusema huyu alizaliwa huku na yule kule? Wanalala chumba kimoja.

Ndiyo maana mwaka 2018 IAU, umoja wa kimataifa wa wanaastronomia, ikaongeza sharti la uwiano kwenye maelezo yake ya sayari: masi ya mwenza iwe chini ya takriban moja ya 25 ya masi ya anachokizunguka. Nalo si dawa ya kila kitu, ila mkitoa masi, toeni na uwiano. Ni safu moja kwenye jedwali.

(Na kwa kuwa tunaandika Kiswahili: kizio astronomia, yaani umbali wa Dunia hadi Jua, kifupi chake cha kimataifa ni "au". Andikeni "vizio" kwa ukamilifu. Nimewahi kukutana na "50 au 60 au" nikakaa nayo dakika nzima.)

2. Umri, umri, umri

Kibete kahawia hakina moto wa kudumu. Tangu kuzaliwa kinapoa na kufifia tu, kwa hiyo mwangaza uleule unaweza kuwa wa mwepesi aliye kichanga au mzito aliyezeeka kidogo. Wewe unapima mwangaza, unaazima umri wa nyota, kisha jedwali la nadharia linakupa masi. Ukikosea umri, kila kinachofuata kimekosewa kwa ufasaha mkubwa.

Mwenza wa nyota κ Andromedae ndiye mwalimu wangu wa somo hili. Alipotangazwa mwishoni mwa 2012 kwa picha za darubini ya Subaru, nyota yake ilihesabiwa kuwa mwanakundi wa Columba, kundi la nyota changa zilizozaliwa pamoja, umri wa miaka kama milioni 30, na mwenza akapewa masi zinazokaribia 13. Mwaka 2013 watafiti wengine wakaipima nyota upya wakapata kama milioni 220, na mwenza akapanda hadi karibu 50. Mwaka 2016 vipimo vya intaferometa (darubini kadhaa zinazofanya kazi kama moja) vikaonyesha nyota inajizungusha kwa kasi mno, imebonyea, na sisi tunaitazama kutoka karibu na ncha yake, jambo lililokuwa limewapotosha waliotangulia. Umri ukashuka hadi kama milioni 47, mwenza akarudi hadi 22 hivi. Katika safari yote hiyo, kutoka kuwa jamaa wa sayari hadi kibete kizito na kurudi nusu njia, mwenza mwenyewe hakubadilika hata chembe. Waliobadilika ni sisi.

Kwa hiyo unaponiandikia "umri: miaka milioni 24" bila kiasi cha kosa, kwa sababu tu programu imekwambia nyota ni ya kundi la β Pictoris kwa uwezekano wa asilimia 80, hujaniambia umri. Umeniambia umebahatisha vizuri. Tafuta lithiamu, ambayo nyota huimaliza kadiri inavyozeeka, tafuta kasi ya nyota kujizungusha, tafuta kitu cha pili kinachokubaliana. Na bado sijagusa ugomvi wa kuanza moto na kuanza baridi, yaani mwenza anazaliwa na joto kiasi gani. Ukitaka masi isiyotegemea umri, kaitafute kwenye mwendo wa nyota yenyewe, tofauti kati ya vipimo vya Hipparcos na Gaia, satelaiti mbili za kupima mahali pa nyota. Si kila nyota itakupa, lakini ikikupa, ni dhahabu.

3. Kaskazini

Mficha uchi hazai, basi nifunue.

Nyota siitaji, haina kosa. Ilikuwa na masi kama ya Jua, umbali wa parseki 50 (parseki moja ni miaka-nuru 3.26), kichanga safi, na mwenza wake alikuwa nusu sekunde ya tao kutoka kwake (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Hiyo ni vizio 25 hivi. Nilikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza kilitoka kwenye data za zamani za kamera nyingine, kimeshachakatwa na mwenzetu aliyeondoka, kikanifikia kama mstari mmoja wa jedwali: umbali, pembe ya mwenza kutoka kaskazini, makosa. Cha pili kilikuwa changu. Usiku wangu wa kwanza wa kuomba mwenyewe na kupewa mwenyewe, kwa SPHERE, chombo cha VLT cha kupiga picha wenza, miaka miwili baada ya kile cha kwanza.

Nilikichakata kwa siku tatu. Picha ilitoka nzuri kupita kiasi. Madoadoa ya mwanga wa nyota yamefutika, nukta imekaa pale kama imechorwa kwa kalamu. Nikapima mahali pake kwa kupandikiza nukta bandia hasi hadi ile halisi itoweke, nikapata kosa la milisekunde 2 za tao. Mbili! Nilizunguka na namba hiyo kama mtu aliyepata mtoto. Kila aliyeniuliza habari za asubuhi alijibiwa kwa milisekunde mbili.

Pembe nayo ikasema mwenza amesogea digrii 7.5 katika miaka miwili. Hapo ndipo moyo ulipoanza kudunda. Piga hesabu nawe: vizio 25 kutoka kwenye nyota ya masi moja ya Jua ni mzunguko wa miaka 125, yaani digrii 2.9 kwa mwaka kama obiti ni duara na tunaitazama kwa juu. Miaka miwili ilipaswa kunipa digrii 5.8, tena huo ndio mwendo wa juu kabisa kwa duara la ukubwa huo. Mimi nina 7.5. Mwenza anakwenda mara 1.3 ya kasi ya duara. Kasi hiyo inadai eksentrisiti (kipimo cha kurefuka kwa obiti, sifuri ikiwa duara) ya 0.7 kwenda juu. Nikaachia minyororo ya MCMC, mbinu ya kompyuta ya kujaribu obiti nyingi kwa kubahatisha, ikimbie tangu Ijumaa hadi Jumatatu, na Jumatatu asubuhi nikakuta mlima mmoja mwembamba, mrefu, umesimama kwenye 0.75. Niliuchapa. Niliubandika ukutani juu ya meza yangu.

Mnajua kilichofuata, maana nanyi mngefanya hivyohivyo. Obiti iliyorefuka kiasi hicho haiwezi kutoka kwenye diski tulivu, nikaandika. Kwa hiyo mwenza huyu alizaliwa kwa kumeguka kwa wingu, kama nyota maradufu. Na kwa kuwa hata nyota maradufu za namna hiyo zinahitaji sababu ya kuyumba, lazima kuna mtu wa tatu aliyemsukuma. Nilimpa masi huyo wa tatu. Nilimpa umbali. Sura ya mjadala ilifika kurasa sita, na kurasa mbili kati ya hizo zilikuwa wasifu wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Kisha nikaomba muda wa darubini kumtafuta, na nikapewa usiku mzima. Anga ilikuwa safi, hewa imetulia kuliko siku nyingine zote nilizowahi kukaa kwenye darubini. Sikuona kitu. Je, nilishtuka? Hapana. Niliongeza aya inayosema kwamba kutoonekana kwake kunaweka kikomo muhimu cha masi yake.

Makala ilikwenda kwa mhakiki. Mhakiki akaipenda. Sehemu aliyoisifu zaidi ni ile ya mtu wa tatu.

Wiki mbili baadaye nikaiwasilisha kwenye kikao chetu cha kawaida, watu kumi na wawili hivi. Kulikuwa na mama mmoja, mtafiti wa siku nyingi, aliyekuwa na tabia ya kukaa kona ya nyuma na kusema kitu kimoja kwa mwezi. Nilipomaliza, akauliza kwa sauti ndogo: "Kaskazini umeisahihisha kwa kiasi gani?"

Nikajibu kwa kujiamini: "Ipo kwenye programu, mama."

"Ipo wapi?"

Kwa kuwa skrini kubwa ilikuwa imewaka tayari, nikaifungua programu pale pale mbele ya wote. Fanksheni ya kuzungusha picha ikapatikana. Kigezo cha kaskazini halisi kikapatikana. Kilikuwa kimeandikwa sifuri. Pembeni yake kulikuwa na maelezo niliyoyaandika mwenyewe miezi mitatu nyuma nilipokuwa najaribu kitu kingine: "rekebisha baadaye".

Kila anayetumia IRDIS, kamera ya SPHERE, anaijua ile digrii 1.75 ambayo kaskazini ya kamera imepinda. Imo kwenye kila mwongozo. Mimi pia nilikuwa naijua. Ungeniamsha usingizini ningekutajia. Sasa izidishe kwa nusu sekunde ya tao: unapata milisekunde 15. Pikseli ya kamera ile ni milisekunde 12.25. Yaani kosa langu lilikuwa zaidi ya pikseli nzima, mara saba ya zile milisekunde mbili nilizokuwa nikizitembeza vyumbani. Kosa la kupima nukta nililifanya dogo kwa siku tatu za kazi, na kosa la kujua kaskazini ni wapi sikulitengea hata dakika.

Toa 1.75 kutoka 7.5. Baki ni 5.75. Duara. Duara la kawaida kabisa, karibu kama lile nililokokotoa mwenyewe kwa kalamu siku ya kwanza na kulitupa kwa sababu halikuwa na msisimko. Minyororo ilipokimbia tena, mlima ulibomoka ukawa mteremko mpana unaoanzia sifuri na kusambaa mpaka karibu nusu. Mtu wa tatu alikufa pale pale bila hata kuzaliwa.

Niliandika barua sita kwa waandishi wenzangu, na ya saba kwa mhariri kuiondoa makala. Ya saba ilikuwa nyepesi. Iliyonishinda kuandika ni ile kwa kijana mmoja mwenzangu aliyekuwa ameomba muda msimu uleule akanyimwa. Usiku ule safi, uliotulia, nilioutumia kutafuta kivuli cha sifuri yangu, ungekuwa wake. Karatasi ya ukutani niliibandua mwenyewe, na alama nne za gundi zilibaki pale hadi nilipohama ofisi.

Jambo ambalo sikulielewa hadi miaka mingi baadaye ni kwamba hata pembe ingekuwa sahihi, ule mjadala wa kurasa sita ulikuwa hauna miguu. Miaka miwili kati ya 125 ni chini ya asilimia 2 ya obiti. Kwa kipande kifupi hivyo, eksentrisiti na mwinamo wa obiti kwetu vinabadilishana nguo mbele ya macho yako, na kinachoonekana kama matokeo mara nyingi ni dhana ya awali uliyoiingiza mwenyewe ikikurudishia salamu. Tena mwenza mmoja hathibitishi njia ya kuzaliwa. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa wenza 27 waliopigwa picha kati ya vizio 5 na 100: kwa ujumla sayari kubwa zilikuwa na obiti zinazokaribia duara, na vibete kahawia vikatawanyika kwa upana na kuegemea eksentrisiti kubwa. Hiyo ni habari ya kundi. Inatuambia kwamba kuna pengine njia mbili zinazojaza eneo lilelile la anga. Haimwambii mwenza wako yeye alipita ipi, kama vile wastani wa urefu wa ukoo usivyokwambia urefu wa mtu aliyeko mlangoni.

Siku hizi kabla ya kuangalia pembe yoyote napima kaskazini kwa uwanja wa nyota uliopigwa picha msimu uleule, na vipimo vya kamera mbili siviweki kwenye jedwali moja mpaka nimevichakata vyote mwenyewe tangu faili ghafi.

4. Nyota ya nyuma (hii ilitakiwa iwe ya kwanza)

Nukta karibu na nyota si mwenza mpaka itembee na nyota. Hilo mnalijua. Msilolijua, au mnalolisahau kila msimu, ni kwamba nyota ya nyuma nayo ina miguu. HD 131399 Ab ilitangazwa mwaka 2016 kama sayari katika mfumo wa nyota tatu, na mwaka 2017 ikabainika kuwa nyota ya nyuma yenye mwendo wake mkubwa usio wa kawaida. Kuilinganisha nukta yako na nyota isiyosogea kabisa ni mtihani mwepesi mno. Ilinganishe na mtawanyiko mzima wa mwendo wa nyota za eneo hilo kwenye Gaia.

5. Mwenza anaweza kuwa wawili

Gliese 229B ni babu yetu sote. Mwaka 1995 ndiyo iliyotuonyesha metani kwenye kibete kahawia kinachozunguka nyota. Si kichanga, lakini kisa chake kinawahusu. Mwendo wa nyota yake ulipopimwa vizuri, ukatoa masi ya kama 71 za Mshtarii. Kitu kizito hivyo kinapaswa kung'aa zaidi ya kile tulichokuwa tunakiona. Kwa miaka kadhaa watu walivutana: nadharia ya kupoa ina kasoro, au umri si huo, au vipimo vina tatizo. Mwaka 2024 ikaonekana kwamba B ni wawili, kama masi 38 na 34, wanazungukana kwa siku 12 tu. Karibu miaka thelathini tumewaita kwa jina moja.

Sasa fikiria ungekuwa umeandika kurasa sita kuhusu jinsi kibete cha masi 71 kinavyozaliwa. Wawili wanaokumbatiana hivyo wana hadithi yao tofauti kabisa ya uzazi.

FW Tau C naye: alidhaniwa kuwa na masi ya sayari kwa sababu ya ufifi wake, mpaka ALMA, darubini za redio za Chile, ilipopima kasi ya gesi ya diski inayomzunguka, na uchambuzi wa 2017 ukampa karibu sehemu ya kumi ya masi ya Jua. Ni nyota, imejificha nyuma ya diski yake iliyosimama wima mbele yetu. Ufifi si wepesi.

6. Diski ya leo haishitakiwi kwa mambo ya jana

Nasoma kila mara: "Diski inayozunguka nyota hii ina masi chache za Mshtarii, kwa hiyo kumeguka kwa diski hakuwezekani." Huko ni kuhesabu abiria baada ya treni kuondoka. Diski humeguka ikiwa bado changa sana, wingu likiendelea kuilisha kwa kasi kuliko nyota inavyoimeza. Ukiipima ikiwa na miaka milioni kadhaa, unapima mabaki. Tazama mfumo wa L1448 IRS3B katika wingu la Perseus, picha ya ALMA ya 2016: vichanga watatu ndani ya diski moja, na yule wa nje kabisa amekaa kwenye mkono wa mzingo wa gesi. Hapo ndipo pa kushuhudia uzazi wenyewe, ingawa wale ni nyota na si vibete.

Na mkikokotoa Q ya Toomre, kipimo cha uthabiti wa diski, msiishie hapo. Q ikishuka kuelekea 1, mvutano unaanza kulishinda joto na mzunguko, ndiyo. Lakini kipande hakitashikamana kama gesi haiwezi kupoa ndani ya muda unaokaribia mzunguko mmoja. Karibu na nyota gesi ni nzito, joto halitoki, kwa hiyo hakimeguki kitu. Masharti yote mawili hukutana mbali, makumi ya vizio na kuendelea. Tatizo la njia hii kwa watu wa sayari ni baraka kwetu: kipande kinaanza na masi kadhaa za Mshtarii na hakijui kuacha kula, hivyo kinaishia kibete kahawia au hata nyota ndogo. Mimi kwa maoni yangu wenza wengi wa vizio 50 na zaidi wanatoka kwenye njia hii au kwa wingu moja kwa moja, na kutofautisha kati ya hizo mbili kwa mwenza mmojammoja ni kupiga ramli. Njia ya kiini, pamoja na kokoto zake zote zinazokilisha kiini, huko mbali inachelewa: kufikia kiini cha kama Dunia kumi kabla gesi haijatoweka ni mbio ngumu.

Halafu kumbukeni wenza hawa ni wachache. Uchunguzi wa nyota 300 kwa GPI, kamera ya darubini ya Gemini, uliotoka 2019, ulikuta vibete kahawia kati ya vizio 10 na 100 kwa chini kidogo ya asilimia moja ya nyota. Karibu zaidi na nyota zinazofanana na Jua kuna lile jangwa maarufu, eneo ambalo vibete kahawia ni adimu. Nadharia yenu ikizaa vibete kila kona, ina deni la kueleza wamekwenda wapi.

7. Kaboni kwa oksijeni

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu nakasirika. Wazo ni zuri: ng'ambo ya mistari ya barafu ya maji na ya monoksidi ya kaboni, yaani umbali ambapo kila kimoja huganda, gesi na mango hugawana kaboni na oksijeni kwa viwango tofauti, kwa hiyo aliyejilimbikizia mango kwanza kisha gesi anaweza kuishia na uwiano usiofanana na wa nyota yake. Lakini ukipata uwiano unaofanana na wa nyota, hujathibitisha kuzaliwa kwa kumeguka. Uwiano wa sayari za HR 8799 nao hauko mbali na wa nyota yao. Na mawingu ya silikati humeza oksijeni kabla hujaiona. Msipoipima nyota yenyewe, mkaazima uwiano wa Jua, ndipo hasa ninapotafuta wino mwekundu.

8. Yaliyobaki, harakaharaka

Pandikiza nukta bandia umbali uleule wa mwenza lakini pembe nyingine, si pale pale alipo. Ukizungusha picha kufuta madoadoa, mwenza naye anajifuta kidogo. Pima kiasi gani kabla ya kutoa mwangaza. Mstari wa Hα, ule mwanga mwekundu wa haidrojeni, ukiuona, umeona gesi ikianguka, hujaona alikozaliwa. Andika tarehe za vipimo kwa ukamilifu. Usiandike "rekebisha baadaye" bila kuifanya programu igome kukimbia mpaka urekebishe. Katika sura ya mjadala, "inalingana na" haina maana ya "inathibitisha", na mhakiki akikuacha upite hapo amekuonea.

Na kuhusu ile rasimu ya nne. Nimeirudisha leo asubuhi. Nimemfutia neno "kwa hiyo" mara saba, nikamwomba uwiano wa masi, kiasi cha kosa la umri, na safu ya pembe yenye maelezo ya kila kamera. Baada ya nusu saa akanipigia simu, mchangamfu kabisa, kuniambia masi na umri anavirekebisha, ila kwa pembe nisiwe na wasiwasi: kaskazini ipo kwenye programu.

Nimemwambia asiifungue bado. Nakuja nisimame nyuma yake.